Kazi ni Kazi, Kweli?

Kwa karibu miaka mitatu, mimi na ayeeyo tulikuwa tunakutana jikoni saa kumi alfajiri. Yeye anaamka, mimi sijalala. Yeye anawasha vijinga vya kufukizia mitungi ya maziwa, mimi nachemsha chai ya kunisukuma hadi ukurasa wa mwisho. Nje, Bulla Pesa imenyamaza. Mbwa wawili watatu, halafu adhana.

Siku moja akaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini ambayo inatisha kuliko kelele:

"Hii kazi yako ya usiku ni ya nini?"

"Naandikia watu, ayeeyo."

"Watu gani?"

"Wanafunzi. Wako Uingereza, wengine Marekani."

"Hawajui kuandika?"

"Wanajua. Hawana wakati."

"Na mwalimu wao anajua ni wewe umeandika?"

Nikapuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa.

"Basi ni halali?"

Neno hilo halihitaji mkalimani Isiolo. Tulikuwa tunaongea Kisomali, lakini Mborana angelielewa, Mmeru wa pale sokoni angelielewa, Mturkana pia. Nikamjibu vile sisi sote hujibu tukibanwa: "Kazi ni kazi." Akatikisa kichwa, akarudi kwa mitungi yake. Sijui kama alikubali au alinihurumia.

Nimelibeba jibu hilo muda mrefu sasa, na kadiri ninavyoligeuza ndivyo ninavyoona ni maneno mawili tofauti yaliyovaa shati moja.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wengi wenu mnaijua na wengine mmeifanya. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imeshinda familia. Rafiki akanionyesha tovuti ambapo mwanafunzi wa ng'ambo anaweka swali la insha, waandishi wanashindana kuliomba, na anayepewa anaandika kabla ya makataa. Akaunti haikuwa yangu. Ilikuwa na jina la Kizungu, na mwenyewe alikuwa Mkenya aliyeinunua kwa mtu mwingine na kunikodisha. Mimi nilibaki na shilingi 300 kwa ukurasa. Kwa hiyo mtu aliyekosa karo ya digrii moja akawa anawasomea wengine digrii zao, kipande kwa kipande, usiku. Ukitaka kucheka, cheka. Sisi pia tulikuwa tunacheka.

Kenya inajulikana dunia nzima kwa biashara hii. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayofanya iwe kosa kuwauzia wanafunzi wa vyuo vya England insha za namna hiyo au kuzitangaza. Sheria hiyo inamlenga muuzaji. Mwanafunzi anayenunua anaachiwa chuo chake kimshughulikie.

Sasa, turudi kwa "kazi ni kazi". Maana yake ya kwanza ni nzuri, na ningeipigania. Inasema hakuna aibu katika jasho. Anayesukuma mkokoteni wa maji, anayefunga miraa ikielekea Wajir, anayeosha vyombo hotelini, wote ni watu kamili, na asiwepo wa kuwadharau. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa vijana wa mji kama wetu, maneno hayo ni dawa. Tumekua tukiambiwa kazi kubwa zinakuja: mji wa kitalii wa Ruwaza ya 2030, barabara na reli za LAPSSET iliyozinduliwa Lamu mwaka 2012, uwanja wa ndege uliofunguliwa 2017. Lami hadi Moyale ilifika, na ndege ya kwanza tulitoka nje kuiangalia. Lakini kijana aliyekaa kusubiri kazi inayolingana na ndoto zake bado amekaa pale pale. Aliyechukua jembe lililokuwepo alikula.

Maana ya pili ndiyo niliyoitumia jikoni, na hiyo haina uhusiano na heshima ya jasho. Ilikuwa njia ya kumwambia ayeeyo asiulize. Pesa imeingia, unga umenunuliwa, maswali ya nini? Ni methali ya kufungia mlango.

Halafu kuna kundi jingine, la mawaidha ya mitandaoni, linalotuambia kinyume: tafuta kitu unachokipenda, kifanye, na hutahisi kama unafanya kazi hata siku moja. Nilikuwa naamini. Na hapa ndipo kesi yangu inapokwama, kwa sababu wacha niseme ukweli ambao sikumwambia ayeeyo: niliipenda ile kazi. Niliipenda sana. Wiki moja nasoma Aristotle, wiki nyingine historia ya reli ya India, nyingine namna ya kupima shinikizo la damu. Nilikuwa najifunza kuliko nilivyowahi kujifunza darasani. Aya ikikaa sawa saa nane usiku, nilikuwa nasikia kitu kifuani ambacho sina jina lake. Kama kazi yenye maana ni ile inayokujaza, basi mimi nilikuwa nimefika.

Kilichonitoa huko ni mteja mmoja, na hata sikuwahi kujua jina lake. Alikuwa anasomea uuguzi. Alinipenda, akawa ananiita mimi kila mara, na katika muhula mmoja nilimwandikia karibu kila kitu: usafi wa vidonda, hesabu za dozi, mazungumzo na mgonjwa anayekaribia kufa. Alikuwa anapata alama nzuri. Siku alipoandika kunishukuru kwamba amemaliza na anaanza kazi wodini, nilifurahi kwa kama dakika moja hivi. Halafu nikafikiria mtu aliyelala kwenye kitanda huko, mama wa mtu, anapigwa sindano na mkono ambao hesabu yake niliifanya mimi nikiwa Bulla Pesa. Yule mama hakuwa kwenye mkataba wetu. Mimi nililipwa, mwenye akaunti akalipwa, mwanafunzi akapita. Deni lote tukampelekea mgonjwa, na hakuna aliyemwuliza.

Basi kupenda kazi hakutoshi. Hisia zangu zilikuwa za kweli, lakini zilikuwa zinanieleza habari zangu mimi tu. Hazikuwa na lolote la kusema kuhusu kilichotokea upande wa pili wa ukurasa.

Mwanaanthropolojia David Graeber aliandika mwaka 2013, na baadaye katika kitabu cha 2018, kuhusu watu wanaolipwa vizuri kwa kazi ambazo wao wenyewe wanaona hazina faida kwa yeyote. Alichoona ni kwamba watu hao wanateseka, ingawa mshahara upo na kiti ni cha kuzunguka. Nilipomsoma nilidhani amenielezea mimi. Baadaye nikaona hapana, mimi nina tatizo tofauti. Kazi yangu ilikuwa na faida, tena kubwa, kwa aliyenunua. Shida ni kwamba faida hiyo ilisimama juu ya uongo aliouzwa mtu mwingine. Kwa hiyo hata swali la "kuna anayeihitaji?" halitoshi. Kila kitu kibaya kina mteja.

Nikaanza kumwangalia ayeeyo vizuri. Kwanza niseme wazi, yeye haipendi kazi yake. Maziwa ya ngamia yananuka yakimwagika, moshi unamchoma macho, mgongo unauma. Ukimwuliza kama kazi yake inamridhisha atakuangalia kama mtu aliyepoteza fahamu. Anafukiza mitungi ili maziwa yasiharibike haraka. Bodaboda zinaingia asubuhi kutoka upande wa Burat na Kulamawe, akina mama wanapokea, wanaonja, wananusa. Yaliyoanza kuganda wanatenga yawe susa. Yaliyo mazuri yanapakiwa kwenye basi, kilomita karibu 280 hadi Nairobi, na jioni yako Eastleigh yanauzwa. Kila mama anafunga uzi wa rangi yake kwenye mtungi. Wa ayeeyo ni kijani.

Nilimwuliza kwa nini asiongeze maji kidogo. Basi linatikisika kilomita zote hizo, nani atajua? Alinijibu: "Mama wa Eastleigh atajua. Na uzi ni wangu."

Nimefikiria jibu hilo kuliko nilivyofikiria Aristotle. Yule mnunuzi wa Eastleigh pengine hawajawahi kuonana. Lakini mtungi ukifika ukiwa mbaya, utarudi Isiolo na uzi ule ule. Kazi ya ayeeyo inaweza kurudi kumdai. Yangu haingeweza. Kosa langu lingefia mikononi mwa mtu mwingine, na sifa yangu pia, na ule mpangilio mzima ulitengenezwa makusudi ili nisipatikane. Nafikiri hapo ndipo maana ilipokuwa inavuja. Nilikuwa natafuta kazi inayonijaza, kumbe nilikosa kazi inayoweza kuniita kwa jina na kuniuliza, "Hii ni yako?"

Najua kuna msomaji ananuna sasa. Atasema: ndugu yangu, maana ni anasa ya walioshiba. Kodi inalipwa tarehe tano. Anayekaa Nairobi akisoma machapisho machafu kwa niaba ya kampuni ya teknolojia hana nafasi ya kuuliza kama kazi yake ina uzi wa kijani.

Nusu ya hoja hiyo naikubali. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba Wakenya walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji, ili mashine ya ChatGPT ifunzwe ya kuepuka. Siwezi kumhukumu hata mmoja wao. Ukilaumu, mlaumu aliyepanga bei. Vilevile sitamhukumu kijana anayeandika insha leo usiku ili mdogo wake aende shule. Njaa ni hoja.

Nusu ya pili siikubali. Ayeeyo hajashiba. Ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ikikosa msimu baada ya msimu mara tano mfululizo, ng'ombe wa jirani zetu waliisha, ngamia wakabaki, na maziwa yakawa machache hadi mtungi wake mmoja ulikuwa unajaa kwa siku mbili. Kama kuna wakati wa kuongeza maji, ulikuwa huo. Hakuongeza. Kwa hiyo yule anayesema maskini hana nafasi ya kuuliza maswali haya hajawahi kukaa na maskini akipima maziwa. Wanauliza kila siku. Wanatumia tu neno fupi kuliko letu.

Ningependa kuwaambia kwamba niliacha kwa sababu ya dhamira. Ingekuwa hadithi nzuri. Ukweli ni kwamba niliendelea miezi mingi baada ya yule mwuguzi. Nilichofanya ni kukataa insha za afya, nikabaki na za biashara na fasihi, nikajiambia hakuna anayekufa kwa sababu ya fasihi. Kisha mwaka 2023 oda zikaanza kukauka. Mashine ile ile ambayo Wakenya wengine walisaidia kuifunza ilikuwa inaandika ukurasa kwa sekunde chache. Mwenye akaunti akaacha kushika simu. Sikuiacha kazi, kazi iliniacha. Sijui kama mtu anaweza kudai usafi kwa dhambi aliyonyang'anywa.

Na kuna jambo gumu zaidi. Ayeeyo hakuuza maziwa miaka yote hiyo ili mimi nije niyasifu kwenye makala. Aliuza ili nitoke kwenye maziwa. Ukimwuliza maana ya kazi yake, nadhani ingekuwa mimi na digrii yangu, na digrii hiyo haipo. Kwa hiyo nikisimama hapa kuwaambia kazi yake ina maana kwa sababu ya uzi wa kijani, nachukua kitu alichokifanya kwa ajili yangu nakigeuza kuwa somo. Namwomba radhi. Nimeshindwa kupata mfano mwingine wa kweli kama huo.

Siku hizi naandika vitu vyenye jina langu, na vinalipa kidogo kuliko insha. Mchana nawasaidia akina mama wa maziwa na makaratasi: kumbukumbu za mikutano, barua kwa kaunti kuhusu mtambo wa kupoza, hesabu ya nani ametuma mitungi mingapi. Siipendi hesabu. Inanichosha, na hakuna aya inayokaa kifuani. Lakini mwezi jana nilikosea, nikamwandikia mama mmoja mitungi 14 badala ya 41. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwetu, daftari mkononi, ananiita jina langu lote kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Ayeeyo akachungulia kutoka jikoni, akaniangalia.

Nikachukua kalamu, nikasahihisha, nikatia sahihi pembeni. Mama akahesabu tena mwenyewe kabla ya kuondoka.