Daftari la Wasioitwa Jina

Wanangu mnaoongoza vijiji, mitaa na shule, nitasema tena, na nitasema polepole kwa sababu pumzi si ile ya zamani. Jambo hili la watoto wanaokosa nafasi shuleni tumeshalizungumza mikutanoni, watu wakatikisa vichwa, soda zikanywewa, tukaagana. Watoto wakabaki palepale.

Kila asubuhi mwalimu wa darasa hufungua daftari la mahudhurio akaita majina. Aliyepo huwekewa alama, asiyekuwepo naye huwekewa yake. Mtoto akizidisha kukosa anaitwa mtoro: mzazi anaandikiwa barua, mtendaji anapita nyumbani, pengine mambo yanafika kwa afisa elimu kata. Yote hayo ni kwa mtoto mwenye nafasi. Yule aliyeletwa Januari akaambiwa darasa limejaa, humo hana mstari. Hata utoro hawezi kuwa nao. Atakaa nyumbani mwaka mzima, na mahudhurio ya shule yenu yatasomeka safi kabisa.

Mwaka wetu wa masomo una siku 194. Kwa hiyo anayeambiwa "njoo mwakani" amekatwa siku 194, na aliyezikata wala hakuandika popote. Anayeambiwa "subiri kidogo" anapoteza siku tano kila wiki, na hiyo "kidogo" ya ofisini ninaijua mimi: huanza Januari, ukashtukia likizo ya Juni imefika. Mwenye duka hapo njia panda huandika hata nusu kilo ya sukari uliyokopa, na mwisho wa mwezi anakusomea mbele ya watu. Ndiyo maana analipwa. Siku za mtoto huyu hazikuandikwa na mtu, basi nani azidai?

Ninaowasema mnawajua. Yumo mtoto asiyeona, ambaye shule ya jirani imesema haina mwalimu wake, na yenye mwalimu iko wilaya nyingine. Wamo watoto wa wafugaji waliohama na ng'ombe na kufika katikati ya muhula bila barua ya uhamisho. Wamo waliokosa kuandikishwa mwishoni mwa mwaka kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakijatoka. Yumo binti aliyejifungua. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu arudi darasani, lakini ruhusa si dawati, na wako wanaoambiwa wakatafute shule nyingine bila kuambiwa ipi.

Msiniambie sheria ipo. Najua ipo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka kila mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe, na mzazi asiyemsomesha anaweza kushtakiwa. Lakini mzazi aliyemshika mwanawe mkono hadi mlangoni mwa ofisi, akarudishwa, ashtakiwe kwa lipi? Siku hiyo kosa halikuwa lake. Kwa kuwa hakuna karatasi inayoonyesha kwamba alifika, mwezi wa nne atahesabiwa miongoni mwa wazazi wasiojali elimu. Hapo ndipo ninapochoka kweli.

Wala sidharau yaliyofanyika. Ada ilipofutwa Januari 2016 watoto walimiminika mpaka walimu wakafundishia chini ya miembe. Mwaka 2021 zikatoka fedha za mkopo, vikajengwa vyumba vya madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hivyo vilikuwa vya shule shikizi, zile za vitongoji vya mbali. Ni kazi kubwa. Ila chumba hujengwa palipoonekana upungufu, na upungufu usioandikwa hauonekani Dodoma.

Na kuna mtihani mwingine mbele. Kwa sera mpya, shule ya msingi inakuwa ya miaka 6 badala ya 7, na elimu ya lazima miaka 10. Kwa mpango ulivyo, mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Mkianza kuhesabu wakati huo mtakuwa mmechelewa.

Ninachowaomba hakina gharama ya kuombea bajeti. Nunueni daftari kubwa, likae kwa mtendaji. Andikeni jina la mtoto, umri, kitongoji, tarehe mzazi alipofika shuleni, jibu alilopewa na nani alilitoa. Hilo la mwisho watu hawatalipenda. Liandikeni hivyo hivyo. Kisha kila Ijumaa ongezeni siku za masomo zilizompita. Likizo na sikukuu msizihesabu, maana mkitia chumvi siku moja, mkubwa atapata sababu ya kulitupa daftari zima. Akipata nafasi, pigeni mstari, andikeni tarehe na jumla ya siku alizopoteza. Mwalimu atakayempokea anahitaji jumla hiyo: mtoto aliyekosa siku 20 na aliyekosa 120 hawaanzii ukurasa mmoja.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu. Jumla isomwe pale, baada ya mapato na matumizi, kabla watu hawajaanza kuondoka. Majina yabaki daftarini. Msije mkamsimamisha binti wa watu mbele ya kijiji kwa kisingizio cha takwimu; kuna familia itamficha mwanawe milele mkifanya hivyo mara moja tu.

Tena msiligeuze kuwa daftari la polisi. Mzazi akishajua kwamba kuandikwa kunaleta faini, atasema hana mtoto. Likiwa la kudai nafasi, atakuja mwenyewe, na atawaleta majirani.

Muhula ukifunguliwa, mwenyekiti wa kitongoji asikae kungoja fomu kutoka juu. Apite nyumba kwa nyumba na kalamu yake, aulize: hapa nani ana umri wa shule na hajapata nafasi, na tangu tarehe gani? Aandike siku hiyo hiyo, na jioni aipeleke orodha kwa mwalimu mkuu.