Usikivu Huanzia kwa Mzazi

Jioni moja binti yetu wa kidato cha pili alikuwa mezani na Biblia ya Kiingereza aliyoiacha babu yake, ile tafsiri ya Mfalme James ya mwaka 1611. Akauliza, "Baba, 'hearken' maana yake nini?" Nikamjibu macho yakiwa kwenye simu, "Kusikia." Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Lakini baba, kusikia si ni 'hear'? Hili ni neno jingine." Nikaiweka simu chini.

Alikuwa sahihi. Kitenzi hicho kimo katika Kiingereza tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Leo husikii mtu akikitumia sokoni wala ofisini. Kimebaki katika maandiko, tenzi na mashairi ya zamani. Maana yake ni kutega sikio, kulizingatia neno na kulifuata. Ndiyo maana wafasiri wa Biblia ile walikitumia mara nyingi mahali penye kitenzi cha Kiebrania "shama", chenye kubeba kusikia na kutii kwa pamoja. Hata sisi, tukisema mtoto fulani "hasikii", hakuna anayedhani masikio yake ni mabovu.

Sisi wazazi tunalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawasikii. Tunawakumbusha kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini usikivu wenyewe wameuona wapi? Mtoto anarudi kutoka shule na habari yake. Mama anamwambia "ngoja kwanza", baba anaitikia "ehee" huku ameikodolea macho televisheni. Miaka inapita hivyo. Kisha siku moja tunamwita, naye anaitikia "ehee" asisogee. Mwitikio huo ameutoa kwetu.

Katika Biblia hiyohiyo, Suleimani alipomwomba Mungu uwezo wa kuwaamua watu wake, Kiebrania kinasema aliomba moyo usikiao. Aliyeomba hivyo ni mfalme, ambaye kila mtu alipaswa kumsikiliza yeye. Mkubwa ndiye anayetangulia kusikiliza.

Basi wajibu wetu uko wazi. Wakati wa chakula simu zikae mbali. Mtoto akizungumza tumtazame usoni, tumwache amalize kabla hatujatoa hukumu. Kumsikiliza si kumkubalia kila analotaka. Nidhamu inabaki palepale. Agizo litolewe kwa sauti ya kawaida, kisha lifuatiliwe hadi litimizwe. Mzazi anayetishia adhabu mara kumi asiitoe hata mara moja humzoesha mtoto kuyapuuza maneno yake, na anayevunja ahadi humfundisha vivyo hivyo.

Jioni ile nilivuta kiti, tukaifungua kamusi pamoja. Tulipolipata neno lake, akaniuliza la pili, kisha la tatu. Baadaye, bila kuulizwa, akaanza kunieleza yaliyomsumbua shuleni wiki nzima.