Bao la Ukutani

Kitu kizuri ni cha nani: aliyekitengeneza, anayekitumia au aliyekilipia?

Swali hili lilinikuta Tunduma, sebuleni kwa mfanyabiashara mmoja aliyeniita nimwandikie barua. Katika kabati la vioo palikuwa na sanduku la mbao, limefunguliwa kama kitabu, uso wake wote nyota ndogondogo. "Ni bao la Uajemi hilo, usiguse," akasema.

Nilidhani nyota zile zimechorwa. Kumbe wapi! Mafundi wa Shiraz na Isfahan, kule Iran, huchonga vijiti vyembamba vya pembe tatu, vya mti, mfupa na shaba, huvifunga pamoja kwa gundi, kisha hukata kile kifungu vipande vyembamba kama ganda la kitunguu na kuvibandika juu ya ubao. Kazi hiyo huitwa khatam. Ni subira tupu, bwana. Mchezo wenyewe, nard, una kete 15 kila upande na dadu mbili. Nikauliza unachezwaje. Mwenye nyumba akacheka. Humo ndani hakuna aliyejua, na dadu zilishapotea.

Nilirudi Chitete na hasira, ile hasira ya mtu anayejiona mwema. Maana nyumbani tuna bao la marehemu babu: mninga, mistari minne, mashimo 32. Kete ni 64, nyingine komwe, nyingine vijiwe vya mto Momba, kwa kuwa watoto wamezipoteza zile za mwanzo. Halina nakshi hata moja. Kingo zimelainishwa na viganja vya wazee ambao wengi wao tumeshawazika. Na bao letu halina dadu. Ukifungwa, huna wa kumsingizia.

Wiki iliyofuata yule bwana akatuma mtu. Alisikia habari za bao, analitaka. Pesa aliyotaja ingetosha godoro, sare na nauli ya mdogo wangu anayekwenda bweni. Bibi akakubali palepale. Mimi nikaruka: "Bibi, litakwenda kufia kabatini!"

"Na wewe ule msumari chumbani kwako ni wa nini?"

Nikakosa jibu. Kweli, nilikuwa nimewakataza vijana wa kijiweni wasilicheze, wasije wakalipasua. Nilitaka kulitundika ukutani.

"Babu yako alichoka kuinamia mashimo ya ardhini," bibi akasema. "Alichonga akae vizuri. Basi."

Hebu tuwe wakweli. Siwezi kusema kutazama ni dhambi. Fundi aliyepanga nyota elfu pengine naye hataki ziguswe hovyo. Lakini mimi sikuwa nalilinda bao. Nilikuwa nailinda huzuni yangu, tena kwa gharama ya godoro la mtoto wa kike. Yule tajiri angalau analipa! Na nyie waandishi wenzangu msinicheke, maana nina madaftari matatu ya riwaya sandukuni ambayo hakuna aliyeyasoma, eti bado nayatunza.

Nimeung'oa msumari. Bao liko chini ya mwembe, vijana wanapigana mafungu, na shimo moja la pembeni limeanza ufa. Mtu wa Tunduma anarudi Jumamosi. Mdogo wangu hajasema neno. Anakaa pembeni anahesabu kete.