Kamba za Mashua

Somo: Matendo ya Mitume 27:27-44



Ni usiku wa 14 dhoruba inaitupa merikebu huku na huku, na Paulo ni mfungwa ndani yake. Mabaharia wanapima maji: pima 20, halafu 15. Nchi kavu i karibu, na miamba pia. Wanatupa nanga nne nyuma. Kisha wanashusha mashua, ati wanakwenda kutupa nanga za mbele. Uongo! Wanatoroka. Paulo anamwambia akida kwamba hawa wasipobaki chomboni, hakuna atakayepona. Askari wanakata kamba, mashua inakwenda zake.

Angalia waliotaka kutoroka. Si abiria, ni wale wanaoijua bahari. Na kisingizio chao kilikuwa kizuri: tunakwenda kwa faida ya chombo.

Sisi wa Mombasa tunaelewa. Ukikaa Mama Ngina jioni na mihogo yako na dafu, unaona meli kubwa ikipita karibu kabisa. Ndani yake kuna rubani wa bandari. Alitoka na boti, akapanda kwa ngazi ya kamba ubavuni, akamwongoza kapteni katikati ya miamba, akapita pale feri ya Likoni inapokatiza, mpaka gatini Kilindini. Kazi ikiisha, anateremka. Hata akiwa juu, mwenye dhamana ya meli ni kapteni. Sasa nenda bandari ya zamani kule Mji wa Kale, umtazame nahodha wa jahazi. Yule analala chomboni, anakula chomboni, na chombo kikizama ni chake.

Mzee mmoja wetu, rubani mstaafu, ameniruhusu niseme haya bila jina lake. Aliniambia, "Pasta, kazini nilikuwa rubani, na nyumbani pia nilikuwa rubani." Anarudi kutoka zamu ya usiku, anaoga, anauliza ripoti za shule, anatoa amri mbili tatu, analala. Akiamka, boti inamngoja. Karo ililipwa, nyumba ikajengwa. Lakini kitindamimba wake alipoacha shule kidato cha pili, mzee alipata habari kwa jirani, kwenye foleni ya feri, wiki tatu baadaye. Mama watoto alikuwa amechoka kumweleza mambo mtu ambaye kesho anateremka.

Jamani, kazi si dhambi. Wanaohubiri kana kwamba mshahara ni adui, sadaka wanayopokea inatoka kwenye mshahara huohuo. Ila mimi nilisoma biashara, na pale tulifundishwa kwamba gharama usiyoiandika kitabuni bado ni gharama. Na hili si la watu wa bandarini tu. Eli alitumika Shilo miaka mingi, na wanawe wakaharibika palepale mlangoni pa hema. Watumishi, tunahusika: Jumatatu kikao, Jumatano maombi, Ijumaa kesha, mtoto anamwona baba mimbarini tu.

Mashua yako ni ipi? Kwa mmoja ni ovataimu. Kwa mwingine ni kandarasi ya Qatar inayoongezwa kila mara mambo ya nyumbani yakichacha. Ati ni kwa ajili ya familia. Wale mabaharia nao walisema hivyohivyo kuhusu nanga.

Mashua ilipokwenda, Paulo hakuanza kuwakemea. Kulipokaribia kucha alitwaa mkate, akashukuru mbele yao, akaumega, akala. Watu 276 wakachangamka, wakala pia. Na tusidanganyane, merikebu ilivunjika. Lakini wote walifika pwani.

Mke wa mzee alitangulia mbele za Bwana mwaka juzi. Yule kijana anaendesha tuktuk Kisauni. Kila Alhamisi asubuhi mzee anakwenda kwake na mahamri na mbaazi. Hatoi amri yoyote. Miezi ya kwanza kijana alikuwa akimwona tu anawasha tuktuk, anaondoka. Siku hizi anakunywa chai kwanza. Habari ya shule hawajaigusa.

Mzee ameomba tuwakumbuke wote wawili kwenye kesha la Ijumaa, na tutawaombea. Wanaofanya kazi za zamu, tubaki kidogo Jumapili hii baada ya ibada ya pili. Njooni na wenzi wenu.