Kikombe cha Marafiki

Kuna swali ambalo kila kijana hukutana nalo kabla hajamaliza masomo yake: je, sharti la urafiki ni kushiriki katika kila jambo? Wengi hujibu ndiyo upesi, kwa kuwa ukarimu ni sifa na uchoyo ni aibu. Wewe, msomaji, usijibu bado.

Wazee wa Meru na Embu waliijua thamani ya kushirikiana. Walikunywa pamoja pombe ya asali, na kitita cha miraa ya vilima vya Nyambene kilikuwa, na hata leo ni, alama ya heshima kwa mgeni na kwa mkwe. Lakini ukarimu huo ulikuwa na mipaka. Pombe ilikuwa ya wazee, haikuwa ya vijana. Tena aliyeipika alijulikana na wote walioinywa.

Mwezi wa Mei, mwaka 2014, mipaka hiyo haikuwapo. Katika Embu, Kiambu, Makueni na Kitui watu waliuziwa pombe rahisi iliyotiwa methanoli, kiowevu cha viwandani. Zaidi ya watu 60 walikufa, na wengine walipofuka. Methanoli haina rangi, wala mnywaji hawezi kuitambua kwa harufu. Hulewa, akaenda kulala. Baada ya saa nyingi mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Kwa hiyo mtu wa kwanza kunywa hakuonyesha dalili yoyote ya kumwonya wa pili. Aliyemnunulia mwenzake hakufanya hivyo kwa chuki, bali kwa mapenzi. Sumu ilipita katika njia ile ile ipitayo wema.

Jambo hili si la pombe peke yake. Huko pwani, Mombasa na Malindi, heroini imeharibu maisha ya vijana wengi. Mara nyingi mtu huionja kwanza kutoka mkononi mwa rafiki. Kisha huenda sindano moja ikatumiwa na wengi, ikaeneza virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Pengine utaambiwa kuwa kifo cha wengi ni harusi. Methali hiyo huwafariji waliopatwa na msiba usioepukika. Haikutungwa iwe mwaliko. Hata wakifa kumi kwa siku moja, kila mama humlilia mwanawe kwa jina lake.

Basi, je, yatosha kukataa kikombe na kwenda zako? La. Umeokoa nafsi moja, lakini bado hujawa rafiki. Aliyekunywa methanoli aweza kupona akifikishwa hospitali mapema. Lakini kama wote wamekunywa, ni nani atakayemchukua? Vivyo hivyo, mwaka 2015 ilianzishwa huko Malindi tiba ya methadoni kwa walionaswa na heroini. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na safari ya kila siku ni nzito kwa mtu aliye peke yake.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Shiriki na rafiki yako njaa yake, safari yake na aibu yake. Kikombe chake kiache, ili apatikane mmoja katika kundi mwenye macho ya kuona njia ya hospitali.