Ahadi ni Deni, Lakini Deni la Nani?

Je, nia njema yatosha kulifanya tendo kuwa jema? Twapenda kulipima swali hili kwa maisha ya nahodha mmoja wa manowari za tanga, ambaye historia ya Mombasa haijamsahau.

William Fitzwilliam Owen, Mwingereza, aliingia jeshi la majini mwaka 1788, angali kijana mdogo. Alitekwa na Wafaransa, akafungwa Mauritius hata mwaka 1810. Tangu 1822 hata 1826 aliziongoza merikebu Leven na Barracouta kupima pwani za Afrika. Kazi hiyo ilizaa ramani nyingi, lakini homa iliwaua mabaharia wengi mno.

Februari 1824 Owen alitia nanga Mombasa. Wamazrui, watawala wa mji, walikuwa wakisongwa na Seyyid Said wa Omani, nao wakaomba ulinzi wa Uingereza. Owen, aliyechukia sana biashara ya watumwa, alikubali kwa sharti kwamba biashara hiyo ikomeshwe Mombasa. Bendera ya Uingereza ikapepea juu ya Ngome. Lakini serikali yake haikumtuma kufanya mapatano hayo. Luteni John James Reitz, aliyeachwa kuusimamia mji, alifariki kwa homa mwezi Mei mwaka uleule. London ikayakataa mapatano, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji, na wakuu wa Wamazrui wakakamatwa, wakapelekwa uhamishoni. Owen yeye alipanda cheo hata akawa makamu wa admirali.

Hatumlaumu kwa kuuchukia utumwa. Angalinyamaza, angalikosa zaidi. Kosa lake ni kutoa kisichokuwa chake. Angaliweza kusema: “Nitawatetea mbele ya mfalme wangu, bali kuahidi siwezi.” Neno hilo lingaliwasikitisha watu, lakini wangalijua mahali wasimamapo.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Sisi twauliza: deni la nani? Baba amwambiaye mtoto kwamba mjomba atamlipia karo, naye hajamwuliza mjomba, amefanya kama Owen. Furaha ya kuonekana mkarimu ni yake; machozi ya siku ya kufukuzwa shule ni ya mtoto.

Basi, tuwatakie watu mema mengi, lakini tuahidi yale tu tuwezayo kuyalipa wenyewe.