Dawati la Wawili

Wakazi wa Musaga, hapa Bujumbura, watoto wenu saa hizi wanagombania kalamu, wanaitana majina ya utani.

Lakini Oktoba 1993, Kibimba, hapa Burundi, wanafunzi Watutsi walifungiwa katika kituo cha mafuta wakachomwa moto. Mkuu wao wa shule alihukumiwa kwa kosa hilo. Mlezi mwenyewe!

Alfajiri ya Aprili 30, 1997, wauaji waliingia bwenini, seminari ya Buta, Bururi. Wakaamuru: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakagoma kutengana. 40 wakauawa.

Tunawasifu, ni haki yao. Ila mimi huwafikiria pia waliosalia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliigawa hata mitaa yetu, Watutsi Musaga huku, Wahutu Kamenge kule, na dawati la wawili likabaki na mmoja. Huyo alimlilia nani, na mbele ya nani?